Kuchagua programu ya kusafisha picha ghafi: mwongozo kwa wapiga picha wa Unguja na Pemba

Kijana akishapata kamera yake ya kwanza ya maana, iwe mpya au ya mkono wa pili, swali linalofuata huwa ni hilihili: niweke programu gani kwenye kompyuta? Wengi hujibiwa jina moja tu, kwa kuwa ndilo linalotajwa na kila mtu kwenye video za mafunzo. Jibu hilo halitoshi. Programu inayomfaa mpiga picha wa hoteli ya Nungwi mwenye mtandao wa kasi na mashine mpya inaweza kumtesa mpiga picha wa harusi wa Wete, ambaye laptopu yake ni ya miaka mingi na umeme humkatikia alasiri.

Kwa maoni yangu, ukiacha amana ya picha za watu nitakayoieleza katika Hatua ya 5, mambo mawili ndiyo yanayoamua. La kwanza ni namna programu inavyozishughulikia picha zako ngumu, kwenye mashine yako wewe. La pili ni mahali inapobaki kazi uliyoifanya siku utakapoacha kuitumia programu hiyo. Umaarufu, sura nzuri ya skrini na wingi wa vitufe vyote vije baada ya hayo.

Jua kwanza faili ghafi ni kitu gani

Sensa ya kamera, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, haioni rangi. Imejaa vijicho vidogo mamilioni, na kila kimoja hupima wingi wa mwanga tu. Juu ya kila kijicho kumewekwa kichujio chekundu, cha kijani au cha buluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi ni ule wa Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976: nusu ya vichujio ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kwa hiyo faili ghafi, yaani lile la CR2 au CR3 kwa Canon, NEF kwa Nikon, ARW kwa Sony au RAF kwa Fujifilm, bado halijawa picha. Ni jedwali la vipimo. Kila nukta inajua rangi moja, na mbili zilizobaki hukisiwa kwa kutazama nukta jirani. Anayekisia ni programu. Ndiyo sababu faili moja likifunguliwa katika programu tatu hutoka na sura tatu: ngozi ya huku ina wekundu kidogo, ya kule imefifia, na nakshi za hina zinasomeka vizuri mahali pamoja kuliko kwingine.

Ukipiga JPEG, kamera imeshakuamulia hayo yote na kutupa yaliyobaki. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Tofauti hiyo huonekana sana kwetu, kwa sababu picha zetu nyingi zimebeba vitu viwili vinavyogombana: kanzu nyeupe inayong'aa juani na uso mweusi ulio kwenye kivuli cha kofia. Katika JPEG, ukiunyanyua uso, yaani ukiuongezea mwanga, unapata mabaka na chenga (vile vinukta vinavyochafua picha). Katika faili ghafi unaunyanyua na ngozi inabaki ngozi.

Lakini faili ghafi nalo lina mpaka wake. Vijicho vikishajaa mwanga hadi kufurika, hakuna programu itakayorudisha nyuzi za kanzu ambazo hazikurekodiwa. Linda weupe wakati wa kupiga, kisha programu ikusaidie kwenye vivuli.

Hatua ya 1: Andika unapiga nini hasa

Chukua karatasi uandike aina za kazi ulizofanya mwaka uliopita, na kila moja ilileta picha ngapi. Andika ulizofanya kweli, ziache kando unazotamani kuzifanya. Karatasi hii itakuokolea fedha nyingi.

Anayepiga harusi anarudi nyumbani na picha nyingi sana, na mteja anazitaka upesi. Huyu anahitaji kasi ya kuchambua, na uwezo wa kunakili marekebisho ya picha moja kwenda kwa mia nyingine. Fanya hesabu hii: picha 800 kwa dakika 2 kila moja ni saa 26 na dakika 40. Picha hizohizo kwa sekunde 30 ni saa 6 na dakika 40. Tofauti ya saa 20 kwa harusi moja ina thamani kubwa kuliko bei ya programu nyingi.

Anayepiga vyumba vya hoteli na nyumba za Mji Mkongwe ana picha chache, lakini kila moja inataka mistari iliyonyooka na dirisha lisilokuwa doa jeupe. Anayepiga chini ya maji, Mnemba au Misali, ana shida ya peke yake: maji hunyonya mwanga mwekundu mapema, katika mita chache za mwanzo, na picha hutoka buluu au kijani tupu. Huyo anataka programu inayoruhusu kusogeza joto la rangi mbali kuliko kawaida na kugusa kila rangi peke yake. Mwandishi wa habari anataka tu picha kumi ziende chumba cha habari kabla ya saa moja usiku. Kwake yeye JPEG nzuri kutoka kwenye kamera huenda ikatosha kabisa, na hapaswi kuona haya kuitumia.

Hatua ya 2: Hakikisha programu inalisoma faili la kamera yako

Hapa wengi hupita mbio, kisha hukwama. Kila kamera mpya huja na namna yake ya kuandika faili ghafi, na programu lazima ifundishwe. Canon ilianza kutumia CR3 mwaka 2018 na kamera ya EOS M50. Lightroom ni programu ya kampuni ya Adobe, na Lightroom 6, toleo lake la mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja, lilipata sasisho lake la mwisho Desemba 2017. Mtu akikuuzia kompyuta yenye Lightroom 6 na wewe una kamera ya CR3, hayo mawili hayatazungumza.

Njia ya kupita ipo: Adobe hutoa bure programu ndogo ya DNG Converter, inayogeuza mafaili ya kamera nyingi kuwa DNG, aina ya faili ghafi ambayo Adobe iliitangaza mwaka 2004 na kuwaachia wengine waitumie. Programu za zamani nyingi huisoma. Ila ni hatua ya ziada katika kila kazi, na inakula nafasi ya diski.

Wenye Nikon za kisasa kama Z8 na Z9 watazame mpangilio wa mbano wa faili, yaani namna kamera inavyolibana faili lisichukue nafasi kubwa. Ule wa ufanisi wa juu hupunguza ukubwa wa faili, lakini kwa muda mrefu programu huria (zile za bure zilizo wazi kwa yeyote kuziendeleza) hazikuweza kuufungua. Ule usiopoteza data ndio salama zaidi ikiwa bado hujaamua. Wenye Fujifilm wajue kwamba kamera zao nyingi, kuanzia X-Pro1 ya mwaka 2012, hutumia sensa ya X-Trans, ambayo mpangilio wa vichujio vyake si ule wa Bayer. Kwa hiyo ubora wa ukisiaji hutofautiana sana kati ya programu na programu, hasa kwenye majani na nyasi. Mwenye Fujifilm asichague bila kujaribu.

Tovuti ya kila programu ina orodha ya kamera inazozisoma. Itafute kamera yako kwa jina lake kamili kabla ya kupakua chochote.

Hatua ya 3: Pima mashine, umeme na mtandao

Kumbukumbu ya 8GB ndiyo mahali pa kuanzia, na 16GB ndipo unapoanza kufanya kazi kwa raha. Ikiwa una fedha ya kuboresha kitu kimoja tu kwenye laptopu ya zamani, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, ile isiyozunguka. Hutaona tofauti kubwa kama hiyo kwa kitu kingine chochote. Kadi ya michoro inakuwa na maana unapotumia vifaa vipya vya kuondoa chenga kwa akili mnemba. Kwenye mashine isiyokuwa nayo, picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa.

Umeme: Unguja na Pemba tunaupokea kwa nyaya za chini ya bahari kutoka bara, na wenye umri wanakumbuka giza la Unguja la tokea Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi ni kukatika kwa muda mfupi na kupanda na kushuka kwa nguvu ya umeme, vitu vinavyoua diski taratibu. Ukiwa na kompyuta ya mezani nunua UPS (kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) kabla hujanunua programu. Habari njema ni kwamba takriban programu zote za picha ghafi haziligusi faili la asili. Huandika maagizo pembeni, nayo huhifadhiwa kadiri unavyofanya kazi, kwa hiyo umeme ukikatika kwa kawaida unapoteza kidogo.

Mtandao ni suala la uchaguzi wenyewe. darktable na RawTherapee, programu huria mbili nitakazozieleza mbele, hupakuliwa kama faili moja la kusakinishia. Unaweza kulichukua mjini kwenye flashi, ukavuka nalo hadi Mkoani na kulisakinisha bila mtandao. Programu za Adobe husakinishwa kupitia mtandao, zinachukua gigabaiti kadhaa, na lazima ziunganishwe mara kwa mara kuthibitisha kwamba bado unalipa. Aliye mbali na mtandao mzuri alipime hilo kwa makini.

Hatua ya 4: Uliza kitakachobaki ukiacha kulipa

Kuna njia tatu za malipo. Programu huria ni bure moja kwa moja. Programu za kununua mara moja, kama DxO PhotoLab ya Ufaransa, hubaki kuwa zako, ila toleo jipya lenye mambo mapya hulipiwa tena. Za usajili, kama Lightroom, hulipiwa kila mwezi au kila mwaka kwa kadi ya benki. Capture One ya Denmark inauzwa kwa njia zote mbili hizi za mwisho.

Usajili si jambo baya kwa mtu ambaye kazi yake inaingiza fedha kila mwezi. Lakini kazi zetu nyingi huenda kwa misimu. Harusi hujaa Shaabani na baada ya Idi. Watalii hupungua masika. Jiulize utalipaje Ramadhani nzima bila kazi hata moja. Ukiacha kulipa Lightroom Classic, picha zako hazipotei: bado unaweza kuzitazama na kuzitoa kama JPEG, ila sehemu ya kusafishia hufungwa. Maana yake, mteja akirudi baada ya miaka mitatu kutaka picha ya marehemu babake iongezwe mwanga, itakubidi ulipe tena kwanza.

Mji Mkongwe kuna somo la jambo hili. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imeweza kuchapa upya picha za Zanzibar ya zamani kwa sababu negatifu zilitunzwa, na negatifu haihitaji ruhusa ya mtu kuisafisha tena. Faili ghafi unalo, hilo ni sawa. Lakini maagizo ya usafishaji ni ya programu, na maagizo ya Lightroom hayasomeki sawasawa kwenye darktable, wala ya darktable kwenye Capture One. Nyota, maneno ya utambulisho na tarehe huhamishika vizuri. Rangi na mwangaza havihamishiki.

Kwa hiyo, programu yoyote utakayoichagua, tafuta mahali inapoweka maagizo hayo. darktable huyaandika katika faili dogo la XMP kando ya kila picha, na RawTherapee katika faili la pp3. Lightroom Classic huyaweka ndani ya katalogi moja kubwa, yaani faili moja linalobeba maagizo ya picha zote, na kuandika XMP ni chaguo ambalo ni lazima uliwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Liwashe leo. Katalogi ikiharibika bila nakala, kazi yote ya usafishaji imekwenda.

Hatua ya 5: Picha za watu ni amana

Jambo hili halimo katika miongozo ya wageni, na kwetu sisi ndilo ningelitanguliza kuliko yote, hasa kwa dada zetu wanaopiga picha za shughuli za wanawake. Siku ya singo, siku ya hina, siku ya kumtoa bi harusi mbele ya wanawake wenzake: vichwa viko wazi, mavazi ni ya ndani ya nyumba, na mwanamme haingii. Mama wa bi harusi atakuuliza waziwazi, "Mwanangu, picha hizi hazitoki nje?" Huwezi kumjibu kwa kweli ikiwa hujui programu yako inapeleka nini wapi.

Lightroom ziko mbili. Lightroom Classic hufanya kazi na mafaili yaliyo kwenye diski yako, na haipandishi picha mtandaoni mpaka uiambie ilandanishe mkusanyiko fulani. Lightroom ile nyingine imejengwa kwa ajili ya hifadhi ya mtandaoni, na katika matumizi yake ya kawaida picha unazoziingiza hupandishwa kwenye seva za kampuni. Mtu anaweza kusakinisha ya pili akidhani ni ya kwanza. darktable, RawTherapee na programu za watengenezaji wa kamera hufanya kazi kwenye diski yako. Kazi ya shughuli za wanawake ningeifanya kwa programu ya aina hiyo, kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, na ningezima huduma yoyote ya kompyuta inayopandisha folda ya picha mtandaoni yenyewe kwa yenyewe. Tazama pia simu: ukihamishia picha kwenye simu ili umwoneshe mteja, simu nyingi zinazinakili mtandaoni bila kuuliza tena.

Kwa sababu hiyohiyo usitumie programu iliyovunjwa leseni, zile zinazopita kwenye flashi mkono kwa mkono. Ukiacha kuwa ni kula haki ya mtu, hujui kilichofichwa ndani yake, na kompyuta yako imebeba sitara za nyumba za watu. Programu za bure zipo na ni nzuri. Hakuna dharura inayokulazimisha huko.

Hatua ya 6: Wafahamu wagombea

Anza na programu ya mtengenezaji wa kamera yako. Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio iliyotoka mwaka 2021, Sony wana Imaging Edge Desktop, na zote ni za bure. Rangi zake zinafanana na zile ulizoziona nyuma ya kamera, kwa kuwa waliotengeneza ni haohao. Ni nzito na hazina vifaa vingi, lakini mwenye picha 50 kwa mwezi huenda asihitaji kitu kingine. Fujifilm wana X RAW Studio, ambayo inaiunganisha kamera kwa waya na kuitumia kamera yenyewe kusafisha faili, kwa hiyo laptopu dhaifu haielemewi. Sharti lake ni kwamba faili liwe la aina hiyohiyo ya kamera iliyounganishwa.

darktable, iliyoanza mwaka 2009, ndiyo programu huria ninayoiheshimu kuliko zote. Ina hifadhi ya kupangia picha, ina njia za kuchagua sehemu ya picha na kuigusa peke yake, na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Ni ngumu mwanzoni, na ugumu wake unatokana na wingi: kuna moduli (vifaa vya kurekebishia) nyingi, baadhi zikifanya kazi inayokaribiana. Usizifungue zote. Chagua moduli ya mwangaza, ya kurekebisha rangi, sigmoid kwa ajili ya kubana weupe na weusi, ya lenzi na ya chenga. Kwa hizo tano unaweza kumaliza harusi nzima. Mengine utayajua kadiri unavyohitaji.

RawTherapee ilianzishwa na Gábor Horváth wa Hungary mwaka 2004, ikawa huria mwaka 2010. Kwa vitu vidogovidogo, kama michongo ya milango na nyuzi za kitambaa, mimi naipenda kuliko darktable. Marekebisho ya sehemu moja ya picha yaliingia katika toleo la 5.9 mwaka 2022. Udhaifu wake ni upangaji: ni mtazamaji wa folda tu. Ukiiunganisha na digiKam, nayo ya bure, kwa kupanga na kutafuta picha, umepata seti kamili bila kulipa hata shilingi.

Lightroom Classic hufundishika haraka kuliko zote, mafunzo yake yamejaa kila mahali, na tangu 2021 inaweza kumtambua mtu au anga kwa kitufe kimoja. Kwa mpiga harusi mwenye kazi za mfululizo, nguvu yake ni hiyo. Capture One inang'aa kwenye rangi za ngozi na kwenye kupiga kamera ikiwa imeunganishwa na kompyuta; ni ya studio na matangazo, na bei yake inakwenda na hadhi hiyo. DxO PhotoLab inajulikana kwa vipimo vya lenzi vilivyofanywa maabara na kwa DeepPRIME, kiondoa chenga kilichotoka mwaka 2020. Anayepiga usiku kila wiki aijaribu.

Hatua ya 7: Jaribu kwa picha zako tano ngumu

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Usianze kipindi cha majaribio cha programu ya kulipia kabla picha hazijawa tayari, kwa sababu siku huhesabiwa tangu unaposakinisha, na ni chache. Wala usianze wiki ambayo una harusi tatu. Chagua picha tano zilizowahi kukushinda. Mimi ningechagua hivi.

Ya kwanza ni uso mweusi pamoja na nguo nyeupe, jua la saa sita. Usibonyeze kitufe cha kujirekebisha. Vitufe hivyo mara nyingi huivuta picha kwenye wastani, na kwa wastani huo ngozi nyeusi hutiwa weupe usio wake, ikawa kama imepakwa majivu. Nyanyua vivuli taratibu mwenyewe. Tazama kama ngozi inabaki na joto lake, wekundu na manjano yake, au inageuka ya kijivu. Tazama mpaka wa kofia na paji la uso: je, kuna mstari wa mng'aro usiokuwepo? Hapa programu huachana sana, na kwangu mimi hii picha moja ina uzito wa nusu ya uamuzi wote. Programu isiyoweza kuheshimu ngozi za watu wetu haina kazi kwetu, hata ikiwa na sifa dunia nzima. Ikiwezekana, muite mwenye uso atazame mwenyewe.

Ya pili, jukwaa la usiku. Kama umewahi kupiga Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, au taarabu popote penye taa za LED, unaijua hali: taa ya buluu au zambarau imemmwagikia mwimbaji, ISO iko 6400, na uso umekuwa doa la rangi moja lisilo pua wala shavu. Katika taa kama hizo mfereji mmoja wa rangi (nyekundu, kijani au buluu) umejaa na mingine karibu mitupu. Programu nzuri huipunguza rangi kwa upole na umbo la uso likarudi. Mbaya hukuachia bato la buluu. Baada ya hapo ondoa chenga, na uangalie kama vito na nakshi za gauni zimesalia au zimekuwa nta.

Ya tatu ni njia nyembamba ya Mji Mkongwe, jua liko ukutani juu na chini ni giza. Nyoosha kuta. Angalia kama programu inaijua lenzi yako kwa jina.

Ya nne, bahari ya Paje au Jambiani mchana, maji yakiwa kupwa nusu. Rangi ya maji hayo, katikati ya kijani na buluu, programu nyingi huisukuma upande mmoja. Mchanga nao ubaki mweupe wenye chembe. Ya tano, kima punju wa Jozani chini ya miti: manyoya yake ndiyo kipimo cha ukali, na mwanga uliopita kwenye majani ndiyo kipimo cha kuondoa ukijani. Anayepiga chini ya maji aweke picha ya matumbawe badala yake.

Safisha zote tano katika kila programu, kwa muda uleule, tuseme dakika kumi kila picha. Zitazame kwa ukubwa kamili, kisha zitoe kama JPEG za sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini) na uziangalie kwenye simu, kwa kuwa wateja wako wengi wataziona hapohapo. Chapa moja au mbili kwenye studio ya mjini unayoitumia. Ziache zilale, uzitazame tena kesho yake asubuhi, macho yakiwa hayajachoka. Majina ya mafaili yafiche ili usijue ipi imetoka wapi. Mapenzi ya jina kubwa hudanganya macho.

Mwisho wa jaribio, chukua folda nzima ya kazi moja, picha 100, na upime muda toka kuingiza mpaka kutoa. Namba hiyo iandike kando ya kila programu. Iliyokupa picha nzuri kidogo zaidi lakini kwa muda mara tatu, haikufai ikiwa wewe ni wa harusi. Inakufaa ikiwa wewe ni wa hoteli.

Hatua ya 8: Hamia polepole

Ukishaamua, usiibebe kazi yote ya zamani kuileta kwenye programu mpya. Anza na kazi inayofuata. Za zamani ziache zilipo, na zile chache zilizo bora au zinazoulizwa mara kwa mara zitoe kama TIFF za biti 16, ambazo programu yoyote itazifungua, uzihifadhi pamoja na mafaili yake ghafi.

Panga diski mapema. Faili ghafi la kamera ya megapikseli 24 huwa karibu 28MB; harusi ya picha 1,500 ni 42GB, na harusi 30 kwa mwaka zinapita 1.2TB, kabla ya nakala. Nakala ziwe mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Kila unaponakili, hakikisha mafaili ya XMP au pp3 yamekwenda pamoja na picha zake. Kisha chukua folda moja kutoka kwenye nakala hiyo, ifungue kwenye kompyuta ya rafiki yenye programu ileile, uone kama usafishaji wako umefika nao. Programu ya zamani usiifute mpaka mteja wa mwisho uliyemsafishia nayo awe ameshachukua albamu yake.